Tenki ya Samaki Imegeuka Supu ya Mboga? Punguza Taa Kwanza, Halafu Tuongee Mbolea

Wacha nikuulize kama hii stori unaijua. Umenunua tenki ya samaki, umeweka mchanga, mawe, mimea mitatu ya kijani na taa kali kama ya uwanja wa mpira. Wiki ya kwanza unapiga picha kila saa na kuweka stetasi. Wiki ya tatu kioo kimeshika utelezi, majani yameota nywele na maji yanafanana na supu ya mboga. Wiki ya tano uko kwa grupu ya WhatsApp unauza "tenki kamili, bei ya kutupa".

Mimi nimepitia hapo, na nilipitia nikiwa Elwak, kaunti ya Mandera, mahali ambapo hata kusema "nafuga samaki" kunafanya watu wakuangalie mara mbili. Leo nakuchanua kile kitu mimi nilijifunza kwa kuua samaki tisa: mimea ya ndani ya maji haifi kwa sababu una mkosi. Inakufa kwa sababu mwanga na chakula havijapatana. Ukishika hiyo hesabu, tenki inajiendesha karibu yenyewe, na maji unayotumia yanapungua sana. Kwetu hiyo ya maji ndio stori yenyewe.

Anza na mtungi, sio tenki

Kabla ya kwenda kwa sayansi, toka nje uangalie mitungi ya maji ya kwenu. Ule wa manjano wa lita 20, uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ukikaa juani wiki mbili na maji ndani unaota kijani. Sasa panda uangalie ile tenki nyeusi kubwa juu ya paa. Maji ni yale yale, jua ni lile lile, lakini ndani hakuna kijani. Tofauti ni nini? Plastiki nyeusi haipitishi mwanga.

Wazee wetu wa huku waliijua hii bila kwenda darasani. Ndio maana barkad nyingi, yale matangi ya kuchimbwa chini ya kuvuna maji ya mvua, watu huzifunika kwa miti, mabati au chochote kilichopo. Kifuniko kinazuia maji yasikauke, na pia kinazuia mwanga usiingie kulisha ule ukijani.

Ule ukijani unaitwa mwani. Sio uchafu. Ni kiumbe kama mmea, kinatengeneza chakula kwa mwanga, gesi ya kaboni na virutubisho vilivyo majini. Tofauti yake na mimea yako ya duka ni kwamba mwani haubagui. Unaishi na makombo. Mmea mkubwa unahitaji vitu vingi viwe tayari kwa wakati mmoja, na kimoja kikikosekana unasimama. Ukisimama, mwanga na chakula vinabaki bila mwenyewe, na mwani unakuja kukaa kwa hicho kiti.

Mwanga ni moto, virutubisho ni unga

Chukulia unapika anjera asubuhi. Mwanga ni moto wa jiko. Virutubisho ni unga uliokoroga. Moto mkali na unga kidogo, kikaango kinaungua. Unga mwingi na moto umezima, unga unachacha kwenye bakuli. Hakuna mtu anaongeza makaa kwa sababu unga umeisha. Lakini kwa tenki ndicho kitu wasee wengi wanafanya: mmea ukionekana mgonjwa, wanaongeza taa.

Mwanga ndio unaamua kasi. Ukiongeza mwanga, mmea unataka kukua haraka, na ukitaka kukua haraka unadai naitrojeni zaidi, potasiamu zaidi, chuma zaidi na gesi ya kaboni zaidi. Ukiwa huna hizo, umeuambia mmea ukimbie na tumbo tupu.

Halafu kuna sheria moja ya zamani ambayo Mjerumani Justus von Liebig aliifanya ijulikane kwenye karne ya 19. Yeye alikuwa akiongea mambo ya mashamba, lakini inaingia kwa tenki sawa sawa. Inasema mmea unakua kwa kiwango cha kile kirutubisho kilicho kidogo zaidi kulingana na mahitaji yake, sio kile kilicho kingi. Sisi watu wa huku hatuhitaji mfano wa Ulaya kuielewa. Msafara wa ngamia unaenda kwa mwendo wa ngamia aliye nyuma. Unaweza kuwa na naitrojeni mpaka ikamwagika, lakini kama chuma hakuna, mmea umekwama. Na hiyo naitrojeni iliyobaki inapata mteja mwingine, yule wa kijani anayeteleza.

Vile niliharibu yangu

Tenki yangu ni ya lita 60, yaani mitungi mitatu. Iko kwa duka la abti, ndugu ya mathe, pale tunauza chaja na kutuma pesa. Nilikuwa nimeacha kolej, niko tu, nikaona hii itavuta wateja. Na kweli ilivuta. Watoto wakitoka madrasa walikuwa wanabandika pua kwa kioo.

Nikafanya makosa matatu kwa mpigo. Niliweka tenki karibu na mlango, jua la asubuhi likawa linaipiga moja kwa moja. Juu nikaweka taa kubwa ya nje, ile ya kumulika boma. Na nikaiacha inawaka kuanzia tunafungua mpaka tunafunga, masaa 14.

Maji yakawa kijani. Nikaanza kubadilisha nusu ya maji kila siku ya pili. Fanya hesabu: lita 30 kila siku mbili ni zaidi ya lita 100 kwa wiki, mitungi mitano. Hiyo ni Elwak, mji ambao jina lenyewe, Ceel Waaq, linamaanisha kisima cha Mungu, kwa sababu visima ndivyo vilileta watu hapa. Ni eneo ambalo lilikosa mvua misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Watu walizika mifugo. Na mimi hapa namwaga mitungi mitano kwa wiki kwa ajili ya samaki wa mapambo.

Bibi yangu alikuja dukani siku moja akanikuta na ndoo. Kwetu bibi anamwita mjukuu kwa jina lile lile mjukuu anamwita yeye, ayeeyo. Akasema, "Ayeeyo, hawa samaki wako wanakunywa kuliko ngamia." Hakucheka. Akaenda zake.

Hiyo ilinichoma. Nikataka kumaliza shida haraka. Majani yalikuwa yameanza kuwa manjano, nikajiambia, hii mimea ina njaa. Nikaenda kwa jirani mwenye shamba dogo la tikiti, nikachukua mbolea ya DAP, nusu kiganja, nikatia ndani. Asubuhi samaki tisa kati ya kumi na wawili walikuwa wameelea. Watoto walipokuja saa ya kutoka madrasa, abti alikuwa amefunika tenki na shuka.

Kwa nini mbolea ya shamba iliua

Shika hii sana, kwa sababu ni kosa ambalo liko karibu na kila mtu. DAP ina naitrojeni ya aina ya amoniamu. Yuria nayo majini inageuka kuwa amoniamu. Amoniamu hukaa majini kwa sura mbili: moja haina shida sana, nyingine ni amonia yenyewe, na hiyo inachoma matamvua ya samaki. Kinachoamua ngapi iwe ya sura gani ni pH na joto la maji.

Maji ya pH 7 yenye joto la kawaida, chini ya asilimia 1 ndiyo inakuwa amonia ya sumu. Maji ya pH 8 yenye nyuzi 30, inapanda mpaka asilimia 7 hivi. Kiasi kile kile cha mbolea, sumu mara kumi. Sasa nadhani unajua maji ya huku yako upande gani. Ya moto, na pH ya juu. Nilikuwa nimewapikia wale samaki sumu kwa nia safi.

Kwa hivyo kama kuna samaki ndani, usiguse mbolea ya shamba. Tumia mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa tenki, ambayo naitrojeni yake kwa kawaida ni naitreti, au tumia ile ya bure inayotoka kwa samaki wenyewe. Nakuja hapo.

Elwak sio Nairobi: vitu vinne vya kujua

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanahangaika kupata mwanga na joto. Sisi tunahangaika kuvipunguza. Ukiwa Mandera, Wajir, Garissa au hata Lodwar, rada ni hii.

Jua. Tuko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima. Jua la adhuhuri likikupiga moja kwa moja linafika kama laksi 100,000, wakati ofisi yenye taa nzuri ni kama 500 tu. Dirisha lenye jua ni adui. Hata saa moja ya jua la moja kwa moja inaweza kuharibu hesabu yako ya taa, na juu yake inachemsha maji.

Maji magumu. Ardhi ya Elwak ina chokaa na jasi. Angalia birika la chai la kwenu, ule ukoko mweupe ndani ndio huo. Kwa hivyo kalsiamu kwa kawaida haitakusumbua, unayo ya kutosha. Shida ni chuma. Kwa maji ya pH ya juu, chuma cha kawaida kinashikana na kuzama chini kama kutu, mmea haukipati. Ukinunua mbolea ya chuma, uliza ile iliyofungwa kikemikali isizame haraka.

Joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.6 tu. Na usiku mimea haitoi oksijeni, inaivuta kama wewe. Tenki iliyojaa samaki na mimea, maji ya moto, stima ikipotea na pampu ikazima, asubuhi utakuta msiba. Weka samaki wachache.

Kukauka. Hii ndiyo watu wengi hawaioni. Maji yakikauka, yanaondoka peke yao. Chumvi zinabaki. Ukijazia na maji ya kisima, umeleta chumvi nyingine juu ya ile iliyobaki. Miezi sita baadaye tenki ina maji mazito kuliko kisima chenyewe. Funika tenki na kioo, acha nafasi ndogo ya hewa. Na ukipata mvua ya gu au deyr, vuna maji ya mabati, acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha weka mtungi mmoja au miwili pembeni kwenye kivuli, ya kujazia tu. Maji ya mvua hayana chumvi, kwa hivyo hayaongezi mzigo.

Taa: ngapi, na masaa mangapi

Acha kuhesabu wati. Wati ni stima unayolipia, sio mwanga unaopata. Angalia lumeni, zimeandikwa kwa boksi ya balbu. Kwa tenki ya kawaida isiyo na mtungi wa gesi ya kaboni, lenga lumeni 10 mpaka 20 kwa kila lita ya maji. Tenki ya lita 60 inataka lumeni 600 mpaka 1,200. Balbu ya LED ya wati 9, ile ya dukani, inatoa kama 800 na kitu. Yaani balbu moja nyeupe ya mwanga wa mchana, kama ile iliyoandikwa 6500K, inakutosha. Ile taa yangu ya boma ilikuwa mara kadhaa ya hiyo.

Masaa: anza na 6 kwa siku. Sio 12, sio 14. Mwani ukiwa umetulia na mimea inakua, unaweza kupanda polepole mpaka 8. Weka taima kwa soketi ili usisahau. Yangu inawaka saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, wakati joto limeshuka kidogo na wateja wako. Mchana tenki inapumzika kwa mwanga hafifu wa chumba.

Kama taa yako ni kali na huna doo ya kununua nyingine, iinue juu zaidi, au weka mmea unaoelea upunguze mwanga unaoshuka.

Virutubisho: soma jani

Virutubisho vikuu ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ile NPK ya kwenye gunia. Halafu magnesiamu na kalsiamu, na vile vya kiasi kidogo kama chuma. Huhitaji maabara. Jani linaongea, bora ujue pa kuangalia.

- Majani ya zamani yote yanageuka manjano na kuanguka, mapya yako sawa: naitrojeni imepungua. Mmea unaitoa kwa jani la zamani unaipeleka kwa jipya.
- Majani ya zamani yanatoboka vitundu vidogo kama vya sindano na kingo zake kuwa manjano: mara nyingi ni potasiamu. Hii ni kawaida sana, kwa sababu chakula cha samaki hakileti potasiamu ya kutosha.
- Majani mapya yanatoka meupe au manjano, mishipa ikibaki kijani: chuma.
- Majani ya zamani yamekuwa manjano katikati ya mishipa: magnesiamu.
- Kila kitu kimesimama, hakuna jani jipya na mwani umejaa: mara nyingi ni gesi ya kaboni haitoshi kwa taa uliyoweka.

Siri moja: jani lililoharibika halirudi. Usilitumie kupima kama dawa imefanya kazi. Angalia jani linalotoka wiki mbili baada ya kubadilisha kitu. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha taa, mbolea na chakula siku moja, hutajua nini kilisaidia na nini kiliua.

Naitrojeni ya bure inatoka hapa: samaki anamanga, anatoa taka, taka zinakuwa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitriti halafu naitreti, mmea unakula. Hao bakteria wanachukua kama wiki 4 mpaka 6 kujaa kwenye tenki mpya. Ndio maana tenki mpya inasumbua. Usiijaze samaki siku ya kwanza.

Kuna pia njia ya udongo. Mwanabiolojia Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu kuhusu hii mwaka wa 1999. Unaweka udongo wa kawaida usio na samadi chini, kama sentimita 2 na nusu, unafunika na mchanga kiasi hicho hicho. Udongo unalisha mizizi, na ukioza polepole unatoa gesi ya kaboni. Kwa mtu aliye mbali na duka la mbolea, hii ni fiti sana.

Gesi ya kaboni: ngamia wa nyuma

Mara nyingi yule ngamia aliye nyuma ya msafara ni huyu. Gesi inasafiri majini polepole kuliko hewani, karibu mara 10,000. Wale unaoona mtandaoni na tenki kama msitu wa Kakamega wanaweka mitungi ya gesi mpaka maji yanafika kama miligramu 30 kwa lita, ndio maana wanaweza kuwasha taa kali. Ukiiga taa yao bila gesi yao, umeiga nusu ya hesabu.

Habari njema: kuna mimea inayoweza kuchukua kaboni kutoka kwa bikaboneti, ile ile iliyo kwenye maji magumu. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, inaweza. Ceratophyllum, ile inafanana na mkia wa paka na haina hata mizizi, inaweza. Hii mimea yote miwili inaota yenyewe Ziwa Victoria, sio wageni wa kuagizwa Asia. Kwa maji ya Elwak hiyo ni bahati. Anubias, wa Afrika Magharibi na ya Kati, pia ni mgumu wa kufa, ila anakua polepole, hivyo muweke kwenye kivuli, la sivyo majani yake yatashika mwani. Usizike shina lake kwenye mchanga, mfunge kwa jiwe.

Mimi mimea yangu ilikuja na basi kutoka Eastleigh, imefungwa kwa gazeti lililoloa ndani ya mfuko wa plastiki. Ceratophyllum alifika kama hakuna kilichotokea. Kwa samaki, gapi wanapenda maji magumu. Hapo pia usipigane na maji ya kwenu. Chagua wanaoyapenda.

Kama unadhani hii ni mchezo wa tenki tu

Nenda Kisumu, simama ufuoni mwa Ghuba ya Winam. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugumaji linafunika maji pale, boti zinakwama, wavuvi wanakaa nyumbani. Gugumaji lilikuwa mgeni kutoka Amerika Kusini, lakini lilikuta meza imeandaliwa: maji taka ya miji, udongo na mbolea za mashamba zinazoletwa na mito kama Nyando. Jua lipo mwaka mzima, virutubisho vimezidi. Likishafunika juu, mwanga haushuki tena, na oksijeni chini inapungua. Ni tenki yangu, ila watu wanaishi kwa kuitegemea.

Ndio maana mmea wa tenki haumwagwi mtoni, lagani wala kwenye bwawa la mifugo. Ziwa Naivasha lilisumbuliwa na Salvinia, mmea mwingine unaoelea kutoka nje, kuanzia miaka ya 1960. Ukichoka na mimea yako, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Hapa kwetu hiyo inachukua siku moja.

Mpango wa wiki nane

1. Ondoa tenki kwenye jua. Taa masaa 6, kwa taima. Kama maji yameshakuwa kijani, zima taa siku tatu na ufunike na blanketi, pampu ya hewa ikiendelea, halafu badilisha nusu ya maji mara moja tu.
2. Jaza mimea mingi inayokua haraka tangu siku ya kwanza. Mimea mitatu kwenye lita 60 ni sawa na kuacha duka wazi bila mlinzi. Ceratophyllum moja tu inakatwa vipande na kila kipande kinakua.
3. Samaki watatu au wanne mwanzoni. Walishe kile wanamaliza ndani ya dakika mbili. Chakula kinachozama ni mbolea ya mwani.
4. Wiki mbili za kwanza usitie mbolea yoyote. Halafu anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwa chupa, mara moja kwa wiki.
5. Wiki ya nne, soma majani mapya. Rekebisha kitu kimoja. Subiri wiki mbili.
6. Wiki ya sita, kama kioo kiko safi na mimea inapanda, ongeza nusu saa ya taa. Mwani ukirudi, rudi nyuma.
7. Wiki ya nane, ongeza samaki kama unataka. Badilisha lita 10 kwa wiki, sio zaidi.

Na yale maji?

Siku hizi nabadilisha lita 10 kwa wiki. Nusu mtungi. Kutoka mitano mpaka nusu, samaki wamefika saba, na mimea naikata kila wiki mbili kwa sababu inagonga kifuniko. Na hata hiyo nusu haimwagwi. Maji ya tenki yana naitreti, ni mbolea tayari, lakini nyepesi na isiyochoma. Kama kwenu maji ni ya chumvi sana, changanya na ya mvua kabla ya kumwagilia.

Nilipanda mwarobaini mbele ya duka mwezi ule nilipunguza taa. Kila Ijumaa kabla ya sala naupa lita zake 10. Sasa umenifika kifuani, na umeanza kutoa kivuli cha mtu mmoja.

Ayeeyo alipita tena juzi. Hakuangalia samaki hata kidogo. Aliweka kiti chake chini ya ule mti, akashika jani moja akaligeuza, akauliza, "Huu unapewa maji gani?" Nikamwambia, ya samaki. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema nimletee chai.